Kutangulia Si Kufika: Maisha ya Bondia George Foreman

Mimi ndiye yule ambaye wanafunzi wenzangu wa Kidato cha Tatu humwita "Guka". Jina hilo halikuja burebure. Nilikaa nyumbani miaka 2 kwa kukosa karo, nikipasua mawe timboni. Niliporudi shuleni, wale niliokuwa nikiwafundisha hesabu walikuwa wamenitangulia. Sasa nina umri wa miaka 20 na jirani yangu wa dawati ana 16. Kusema kweli, si mara moja wala mbili nimewaza kufunga sanduku langu niende zangu.

Basi mnamo Machi 2025 habari zikafika kuwa George Foreman amefariki dunia akiwa na miaka 76. Mwalimu wetu wa Kiswahili aliniita, akanipa gazeti na kuniambia, "Hebu soma habari za guka mwenzako." Nikasoma, nikaenda maktabani nikasoma zaidi. Haya ndiyo niliyoyapata.

Foreman alizaliwa tarehe 10 Januari 1949 huko Marshall, katika jimbo la Texas, Marekani. Alilelewa mjini Houston katika mtaa wa makabwela, nyumba moja na ndugu zake 6. Chakula kilikuwa haba. Shule aliiacha mapema, akawa anapora watu barabarani, jambo alilolikiri mwenyewe baadaye. Kilichomwokoa ni mpango wa serikali wa kuwafunza kazi vijana maskini, uitwao Job Corps. Huko ndiko mkufunzi mmoja alikomwona jinsi alivyopenda kupigana, akamvalisha glavu.

Lo! Mambo yakageuka. Mwaka 1968, akiwa na umri wa miaka 19, alitwaa nishani ya dhahabu katika Michezo ya Olimpiki mjini Mexico City. Tarehe 22 Januari 1973, huko Kingston, Jamaika, alikutana na bingwa wa dunia wa uzani wa juu, Joe Frazier. Katika raundi 2 tu, Frazier aliangushwa mara 6! Refa akasimamisha pigano na Foreman akawa bingwa.

Hapo ndipo kiburi kilipomwingia. Hakuwa akicheka na watu. Alikuwa amepigana mara 40 bila kushindwa, na katika mapigano 37 kati ya hayo mwenzake hakumaliza raundi zote. Nani angemtisha?

Jibu lilipatikana hapa hapa Afrika. Tarehe 30 Oktoba 1974, mjini Kinshasa, nchini Zaire (siku hizi Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo), alipambana na Muhammad Ali. Foreman alikuwa na miaka 25, Ali 32. Pigano lilianza mnamo saa 10 alfajiri ili watu wa Marekani walitazame jioni yao. Wenyeji walikuwa wakiimba kwa Kilingala, "Ali, bomaye!" yaani "Ali, muue!"

Wengi husema Ali alishinda kwa bahati. La hasha! Alitumia akili. Aliegemea kamba za ulingo, akaufunika uso kwa mikono, akamwacha Foreman apige. Foreman akapiga mbavu, akapiga mikono, akapiga hewa. Joto nalo lilikuwa jingi. Kila konde lilimpunguzia nguvu yeye mwenyewe. Kufikia raundi ya 8 alikuwa hoi. Ali akatoka kambani, akavurumisha makonde ya haraka, na lile pande la mtu likaenda chini pu! Simba mwenda pole ndiye mla nyama.

Mwaka 1977, baada ya kushindwa na Jimmy Young huko Puerto Rico, Foreman alistaafu na kuwa mhubiri. Kwa miaka 10 hakupigana. Mwaka 1984 alifungua kituo cha vijana mjini Houston. Fedha za kukiendesha zilipokuwa adimu, mwaka 1987 akarudi ulingoni akiwa na miaka 38, kitambi mbele na kipara kinang'aa. Watu walicheka hadi mbavu zikawauma. Naye akacheka pamoja nao, kwani kile kiburi kilikuwa kimekwisha.

Mwaka 1991 alipigana na bingwa Evander Holyfield, akamaliza raundi zote 12 lakini akashindwa kwa pointi. Mwaka 1993 akashindwa tena na Tommy Morrison. Hakukata tamaa. Tarehe 5 Novemba 1994, mjini Las Vegas, akiwa na miaka 45, alikabiliana na bingwa Michael Moorer wa miaka 26. Alivaa kaptura ile ile aliyoivaa Kinshasa. Kwa raundi 9 Moorer alikuwa akiongoza kwa pointi. Foreman hakurusha makonde ovyo kama zamani. Alingoja. Katika raundi ya 10 alituma konde fupi la mkono wa kulia, likampata Moorer kidevuni. Refa akahesabu hadi 10. Baada ya miaka 20, taji likarudi kwa mwenyewe! Hadi leo hakuna bingwa wa uzani wa juu aliyetwaa taji akiwa mzee kumshinda.

Lakini sikusifii ndondi tu, msomaji. Mwaka huo huo wa 1994, na katika mji huo huo, tulimpoteza Robert Wangila, Mkenya aliyetuletea dhahabu ya Olimpiki kutoka Seoul mwaka 1988. Alifariki kutokana na majeraha ya ulingoni. Mchezo huu hutoa, na pia hunyang'anya.

Nilichojifunza ni hiki: Foreman wa kwanza alikuwa na nguvu akakosa subira. Foreman wa pili alikuwa na nguvu chache, ila alijua pa kuziweka. Mimi nami ile miaka 2 ya timboni siwezi kuirudisha. Lakini sanduku langu bado liko bwenini, na mtihani wa mwisho naungoja. Endeleeni kuniita Guka, siudhiki tena. Kutangulia si kufika.