Fahamu: Mkopo wa nyumba umeisha, bima ya afya je?

Baadhi ya Wakenya wakimaliza mkopo wa nyumba hupata ujasiri wa kuacha kazi na kujiajiri. Hapo ndipo bima ya afya inapowashtua.

Oktoba 2024, SHA, yaani Mamlaka ya Afya ya Jamii, ilichukua nafasi ya NHIF, iliyokuwa hazina ya taifa ya bima ya afya. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara kila mwezi kabla pesa hazijamfikia. Aliyejiajiri huulizwa maswali kuhusu kaya yake, yakiwemo ya paa, choo na nishati ya kupikia, kisha mfumo unamkadiria kipato. Mchango wake hudaiwa wa mwaka mzima kwa mpigo. Ukikadiriwa shilingi 60,000 kwa mwezi, jiandae na 19,800. Kwangu mimi kipimo hiki kina walakini: fundi cherehani mwenye nyumba ya mawe anaweza kuonekana tajiri ilhali mfukoni hana kitu.

Kumbuka pia kwamba bima ya maisha iliyofungamana na mkopo huisha pamoja nao. Na hakikisha dai la benki juu ya nyumba yako limeondolewa kwenye rejista ya ardhi.

Zile pesa ulizokuwa ukilipia mkopo zisiingie zote kwenye biashara. Kila mwezi tenga kwanza sehemu ya mchango wa SHA, halafu nunua mahitaji ya biashara.