Simu Ikilala, Ni Nani Huiamsha?

Katika vikundi vingi siku hizi, simu ya mweka hazina ndiyo sanduku la pesa. Michango inaingia kwa M-Pesa, huduma iliyoanza hapa Kenya mwaka 2007, na ujumbe wa kuthibitisha ndio risiti. Simu hiyo ikizimika katikati ya mkutano, kazi inasimama. Na pale ambapo stima haijafika, au inapotea kila mara, ni lazima simu ipelekwe sokoni ikachajiwe kwa malipo.

Ndugu wasomaji, hebu tujiulize. Mbona simu iliyolala juu ya meza, kioo kimezimika, hakuna mtu anayeigusa, bado inamaliza betri? Na kama kweli imelala, ujumbe ukija inajuaje? Maswali haya mawili yanakwenda pamoja. Tukielewa moja, la pili halitatushinda.

KULALA SI KUZIMA

Ndani ya simu kuna prosesa, yaani ubongo wa simu. Kuna pia chipu za redio: modemu inayoongea na mlingoti, chipu ya Wi-Fi, na ile ya Bluetooth. Msimamizi wa vyote ni programu moja ya ndani kabisa ambayo wataalamu huiita keneli. Wewe huioni, lakini ndiyo inayogawa kazi.

Kazi ikiisha, keneli husimamisha programu zote, hupumzisha vifaa kimoja kimoja, na mwisho prosesa yenyewe husimama. Kumbukumbu tu ndiyo huachiwa umeme kidogo, ili simu ikiamka iendelee pale ilipoachia. Huko ndiko kulala.

Lakini nyumba ikilala, askari wa usiku halali. Modemu husinzia kidogo, hutega sikio, kisha husinzia tena. Kwenye mtandao wa GSM, hutega sikio kila baada ya muda wa kati ya nusu sekunde hivi na sekunde mbili, isikie kama mlingoti unaiita. Wi-Fi nayo ina utaratibu wake. Kile kisanduku cha Wi-Fi kwa kawaida hutoa tangazo karibu mara 10 kwa sekunde, na katika tangazo hilo hutaja vifaa vilivyolala ambavyo vimewekewa mzigo. Chipu husikiliza, na isipotajwa hurudi kusinzia. Yote haya hufanyika bila kuusumbua ule ubongo mkubwa, ambao ndio mlaji wa betri.

WAYA YA KENGELE

Sasa mzigo umefika. Chipu itaupashaje ubongo habari? Njia yao ya kawaida ya kupitisha habari mara nyingi nayo imefungwa wakati wa usingizi. Kwa hivyo watengenezaji huweka njia nyingine nyembamba ya pembeni, ambayo kazi yake ni moja tu: kupiga kengele. Chipu hubadilisha umeme kwenye waya hiyo. Sehemu ndogo ya simu iliyobaki macho huona badiliko hilo na kumwamsha prosesa. Hapo keneli huviamsha vifaa, programu zinarudi kazini, na simu inalia. Sisi tunasikia mlio tu, lakini kazi yote hiyo imeshapita.

Bluetooth mara nyingi huwa na waya mbili za namna hii. Moja ni ya ubongo kuiamsha chipu, na nyingine ni ya chipu kuuamsha ubongo.

KENELI LAZIMA IAMBIWE

Waya peke yake haitoshi. Chukua mfano wa simu za Android, ambazo zilianza kuuzwa mwaka 2008. Zinatumia keneli ya Linux, ambayo Linus Torvalds wa Ufini alianza kuiandika mwaka 1991. Keneli hii haina macho ya kuona waya imepita wapi. Mtengenezaji huipa maelezo ya maandishi: kengele ya Wi-Fi imefungwa kwenye mguu fulani wa prosesa, na ishara yake ni umeme kupanda, au ni umeme kushuka. Tena kila kifaa huwekewa alama ya kuonyesha kama kina ruhusa ya kuamsha simu au hakina. Kabla ya kulala, keneli huitega ile waya, kama vile mtu anavyotega mtego jioni.

Maelezo hayo yakikosewa, taabu huanza. Mguu ukiandikwa vibaya, kengele hupigwa mahali pasipo na mtu. Ujumbe wa Wi-Fi hauingii mpaka ubonyeze simu, halafu unaingia kwa pamoja. Na ikiandikwa kupanda badala ya kushuka, keneli inaweza kudhani kengele inalia wakati wote. Simu haipati usingizi, na kufika asubuhi betri imekwisha. Mwenye simu atasema betri imekufa, kumbe betri ni nzima. Ndiyo sababu marekebisho ya programu kutoka kwa mtengenezaji wakati mwingine huponya ugonjwa ambao tungenunulia betri mpya.

Kuna jambo jingine. Je, ujumbe ukifika wakati ule ule simu inapofunga macho? Mwaka 2010 Linux iliongezewa namna ya kuhesabu kengele. Hesabu ikiwa imebadilika wakati wa kujiandaa kulala, safari ya kulala inaahirishwa. Ni kama mama anayefunga mlango, akasikia hodi, akaufungua tena kabla ya kutia komeo.

NI NANI ANAYEHARIBU USINGIZI?

Kila kuamka kuna gharama yake. Simu ikiamshwa mara moja kwa ujumbe wa pesa, si hasara. Lakini ikiamshwa usiku kucha na matangazo, michezo na vikundi vya gumzo, betri itakwisha tu. Tena programu inaweza kuomba simu isilale mpaka imalize kazi yake, na nyingine husahau kutoa ruhusa ya kulala. Kwa sababu hiyo Android 6, iliyotoka mwaka 2015, ilianza kuzikusanya programu na kuzipa nafasi ya kuamka kwa pamoja, badala ya kila moja kuja kwa saa yake.

Simu za kabambe hukaa na chaji siku nyingi kwa sababu zina kioo kidogo, kazi chache, na wasumbufu wachache.

TUFANYE NINI?

1. Ujumbe wa M-Pesa huja kwa njia ya SMS, kupitia modemu. Hauhitaji data wala Wi-Fi. Siku ya mkutano, zima data, Wi-Fi na Bluetooth. Risiti zitaingia tu.

2. Fungua mipangilio ya simu, sehemu ya betri. Utaona programu zinazokula chaji. Ile isiyo na faida kwa kikundi iondolewe, au inyimwe ruhusa ya kufanya kazi ukiwa huitumii.

3. Mahali pasipo na mtandao kabisa, modemu huhangaika kuutafuta mlingoti na kumaliza betri. Weka ile alama ya ndege mpaka ufike penye mtandao. SMS iliyotumwa hutunzwa na kampuni ya simu kwa muda, kisha huletwa simu ikirudi hewani. Lakini usikae siku nyingi.

4. Betri ikianza kuisha upesi ghafla, kwanza izime simu na kuiwasha upya, na uangalie kama kuna marekebisho ya programu. Kununua betri kuwe hatua ya mwisho.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

Simu ya kikundi chetu hukaa na chaji siku ngapi? Ni programu gani zimepewa ruhusa ya kuiamsha, na ni nani aliyeziweka? Je, mweka hazina akikosa chaji siku ya mkutano, ni mwanachama gani mwingine ana kumbukumbu ya michango, na ameiandika wapi?