Kompyuta Ikishughulikia Barua Badala ya Katibu

Siku hizi vikundi vingi hupokea barua pepe: stetimenti za benki, taarifa za mikutano, bei za mbolea. Makatibu wengine huuliza kama kompyuta inaweza kuzishughulikia barua hizo yenyewe bila mtu kukaa hapo. Jibu ni ndiyo, inaweza. Lakini kabla kikundi hakijakubali, ni vizuri wanachama wote waelewe kazi hiyo hufanyika namna gani, maana fedha zao na majina yao yamo ndani ya barua hizo.

Kanuni ni nini?

Programu ya barua pepe, kama vile Outlook, Apple Mail au Thunderbird, hukubali kupewa maagizo. Kwa mfano: "Barua ikitoka benki, itie katika folda ya Benki." Agizo kama hilo huitwa kanuni. Lina sehemu mbili, yaani sharti na tendo. Barua ikiingia, programu huitazama. Sharti likitimia, tendo hufanyika. Kupanga barua, kuitia alama au kumpelekea mtu mwingine nakala ni matendo ya kawaida.

Na skripti je?

Skripti ni amri zilizoandikwa kwa lugha ya kompyuta, ambazo kompyuta huzifuata moja baada ya nyingine. Programu nyingine huruhusu kanuni iite skripti. Apple Mail, kwa mfano, inayo nafasi hiyo. Tuseme stetimenti ya benki imeingia. Skripti inaweza kuitoa ile faili iliyofungwa pamoja na barua, kuihifadhi kwa jina la mwezi, na kuandika mstari mmoja katika daftari la kompyuta. Kazi ya kumaliza jioni nzima inakwisha kabla chai haijachemka.

Ila kanuni ya namna hii hukaa katika kompyuta yenu wenyewe. Stima ikipotea, au programu ikifungwa, hakuna kinachofanyika mpaka iwashwe tena. Kanuni za kupanga tu zaweza kuwekwa kwenye seva, yaani ile kompyuta kubwa inayopokea barua zenu, nazo hufanya kazi usiku na mchana.

Hatari iko wapi?

Hatari ni hii: mwenye kuandika barua si ninyi. Yeyote anayejua anwani yenu anaweza kuiamsha skripti yenu. Na jina la mtumaji linaweza kughushiwa. Njia ya kupeleka barua pepe iliyowekwa mwaka wa 1982 haikuwa na ukaguzi wa mtumaji. Ukaguzi uliongezwa baadaye, na haukamati kila mwongo. Mtu akijiita benki, kanuni inayotazama jina peke yake itamwamini.

Mwezi wa Mei mwaka wa 2000, barua yenye kichwa ILOVEYOU ilienea duniani kutoka Ufilipino. Ndani yake mlikuwa na skripti. Mtu alipoifungua, iliharibu faili zake na kujituma kwa kila anwani aliyokuwa nayo katika Outlook. Hapo angalau ilihitaji mkono wa mtu. Kanuni inayofungua faili yenyewe haingojei mkono wa yeyote.

Ndiyo sababu mwaka wa 2017 Microsoft ilifanya marekebisho ya usalama yaliyozima kanuni za kuendesha skripti katika Outlook, isipokuwa mwenye kompyuta azifungulie kwa makusudi. Basi fundi akiwaambia, "Nitaifungua tu, ni rahisi," mwulizeni kwanza ni kwa nini ilifungwa.

Tufanye nini?

1. Kama kupanga barua kunatosha, tosheni na hapo. Vikundi vingi havihitaji skripti kabisa.

2. Skripti ikiwapo, iweke nakala na kuandika daftari tu. Isifute barua, isifungue faili zilizofungwa pamoja na barua, na isilipe mtu hata shilingi moja. Fedha zitoke kwa sahihi za watu, kama katiba ya kikundi inavyosema.

3. Iandike kila ilichofanya, siku na saa. Mweka hazina alinganishe maandishi hayo na stetimenti yenyewe kila mwezi.

4. Watu wawili waijue, na maelezo yake yawekwe kwa karatasi katika faili ya kikundi. Kijana aliyeitengeneza akienda mjini kutafuta kazi, msibaki na mashine msiyoielewa.

5. Kagueni orodha ya kanuni kila mwezi, hata kama hamkuweka yoyote. Mwizi akipata neno lenu la siri, anaweza kuweka kanuni ya kujipelekea nakala za barua zenu, au ya kuwaficha barua za benki. Kubadilisha neno la siri peke yake hakuiondoi kanuni hiyo. Ifuteni, kisha mbadilishe neno la siri siku hiyo hiyo.

Katika mkutano ujao, katibu afungue orodha hiyo mbele ya kamati. Ikiwa ni tupu, mtatumia dakika mbili tu. Ikiwa kuna kanuni, kila moja ielezwe imewekwa na nani na kwa kazi gani. Ile isiyo na mwenyewe isilale hapo hata usiku mmoja.