Utepe haushiki kutu, lakini gundi je?

Ndugu msikilizaji, wahenga walituambia kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakutuambia ufa wa ghorofa uzibwe kwa kitu gani. Leo tuzungumzie dawa moja ya majengo ya zege inayosifiwa sana: tepe za nyuzi za kaboni, zinazobandikwa kwa gundi chini ya boriti au kuzungushwa kwenye nguzo. Wanaoziuza husema hazishiki kutu. Ni kweli. Lakini mpangaji anayelala chini ya boriti hiyo ana swali jingine: zitadumu?

Zege ni hodari wa kubeba mzigo unaoikandamiza, ila ikivutwa hupasuka upesi. Ndiyo sababu hutiwa nondo. Nondo zikipungua nguvu, lazima kitu kingine kishike kazi hiyo. Mwaka 1964 mjini Durban, Afrika Kusini, ilibainika kuwa nondo zilisahauliwa katika boriti ya jengo la ghorofa. Wahandisi walibandika mabamba ya chuma kwa epoksi, ile gundi ya kuchanganya sehemu mbili. Njia hiyo ilienea, lakini bamba la chuma ni zito, na kutu ikiingia nyuma yake hubandua gundi pasipo mtu kuona.

Jibu lilipatikana Uswisi. Mafundi waliokuwa wakifunga taa za kuongozea magari kwenye Daraja la Ibach, karibu na mji wa Lucerne, walitoboa zege na kukata kwa bahati mbaya nyaya za chuma zilizokazwa ndani yake. Mwaka 1991 daraja hilo liliimarishwa kwa tepe za kaboni, njia iliyofanyiwa utafiti na Profesa Urs Meier na wenzake wa maabara ya EMPA. Kazi ambayo ingehitaji kilo 175 za chuma ilifanywa na tepe za kilo 6.2 tu. Mzigo huo mtu mmoja anaubeba kwapani.

Sasa tuje kwenye maisha yake. Nyuzi za kaboni haziogopi chumvi wala maji. Nyuzi za kioo, ambazo ni rahisi kwa bei, huliwa polepole na unyevu pamoja na ukali wa saruji. Ndiyo maana mwongozo wa Taasisi ya Zege ya Marekani, nambari 440.2R, unamtaka mhandisi apunguze hesabu zake tangu mwanzo. Kwa kaboni iliyo nje ya jengo ahesabu asilimia 85 ya nguvu iliyoandikwa na kiwanda. Kwa kioo asilimia 65, na penye kemikali kali asilimia 50 tu.

Hata hivyo, ndugu msikilizaji, mara nyingi si utepe unaokatika. Kinachoachia ni mshiko. Jua kali huchakaza epoksi iliyoachwa wazi bila rangi ya kuikinga. Maji yakikaa kati ya gundi na zege hudhoofisha mshiko huo. Joto nalo ni adui: nyingi ya gundi hizi huanza kulainika kwenye sentigredi 60 hivi, na nyingine chini ya hapo. Moto ukiwaka, gundi hulegea mapema kabisa. Kwa sababu hiyo mwongozo huo unadai jengo liweze kusimama hata utepe ukipotea, likibeba uzito wake na sehemu kubwa ya mzigo wa kila siku. Utepe ni msaidizi. Jengo lisiloweza kusimama bila huo halijapona.

Tena kuna adui aliyemo ndani. Tembea katika mji wowote wa pwani yetu, uangalie chini ya varanda za ghorofa kuukuu. Utaona zege imebanduka na nondo nyekundu zinachungulia. Nondo ikishika kutu huvimba, nayo huisukuma zege nje. Ukibandika utepe juu ya zege ya namna hiyo, siku itakapobanduka itaondoka na utepe wake. Hapo umefunga bandeji safi juu ya kidonda kinachooza. Kwanza zege mbovu ichongwe, nondo zisafishwe, maji yanayovuja yazibwe, ndipo gundi ipakwe.

Kuna kipimo rahisi cha kuelewa. Kipande kidogo cha chuma hugandishwa juu ya kazi iliyokamilika, kisha huvutwa kwa mashine. Kikitoka na donge la zege nzima, gundi imeshika. Kikitoka kikavu, kazi irudiwe. Miaka inayofuata mkaguzi hugonga utepe kwa nyundo ndogo na kusikiliza. Mlio wa uvungu ni dalili kuwa umeachia.

Uzoefu wa Daraja la Ibach umepita miaka 30. Ni umri wa kutia moyo, lakini ghorofa hujengwa kwa ajili ya watoto na wajukuu. Basi mwenye nyumba akikuambia jengo limeimarishwa, muulize kwa heshima: kutu ilitibiwa? Gundi ilipimwa? Nani atakuja kuikagua, na lini? Asipokuwa na majibu, ujue ufa umefunikwa, haujazibwa.

Kwa leo naishia hapo. Tukutane wiki ijayo.