Mchicha wa Sakafuni Unapogeuka Manjano

Akina mama wa Kibokoni na Kuze waliopanda mchicha katika madebe na mabeseni, juu ya sakafu za nyumba zao, wana lalamiko moja: majani hutoka madogo, ya manjano, ilhali maji yatiwa asubuhi na jioni. Wengi hukimbilia mbolea ya dukani. Twawasihi kwanza wainame, walitazame jani.

Naitrojeni ndiyo ijengayo jani. Kwayo mmea hupata protini na klorofili, ile rangi ya kijani inayonasa mwangaza wa jua. Hewa tuivutayo ina naitrojeni asilimia 78, lakini mchicha hauwezi kuitumia hiyo; huingoja mizizini, iliyoyeyuka majini. Ikipungua, mmea huyapokonya majani yaliyokomaa na kuyapa machanga. Ndiyo maana manjano ya njaa hii huanzia chini, jani zima, huku kilele kikibaki kijani.

Yakianzia juu, na mishipa ya jani ikabaki kijani, hiyo ni habari nyingine. Udongo wa kisiwa chetu umetokana na mawe ya matumbawe. Una chokaa nyingi, nayo huuzuia mmea usipate madini ya chuma. Na kingo za jani zikiungua, yashukiwe maji ya kisima, kwani visima vingi vya Mji wa Kale vina chumvi. Hapo urea haiponyi; huzidisha.

Kwa njaa yenyewe, samadi ya mbuzi iliyooza vyema yatosha. Mbichi huunguza mizizi. (Nguo iliyoshika samadi ibadilishwe kabla ya sala, wasomaji wetu hawana haja ya kukumbushwa.) Atakaye urea ajue ni kali: asilimia 46 ni naitrojeni. Kijiko kizima cha chai kwa debe moja ni kingi mno. Robo yake yatosha, ifukiwe na kumwagiwa maji papo hapo. Ikiachwa juu ya udongo wa chokaa hugeuka amonia ikapaa, na pesa ikapaa nayo.

Mkono ukizidi, majani huwa mapana na laini, yakavuta vidukari, tena hulimbikiza naitreti, isiyowafaa watoto wachanga. Aliyetia urea angoje siku kadhaa kabla ya kuchuma, na achume jioni, kwani jua la kutwa huipunguza naitreti hiyo jani likiwa bado shinani.