Mark Pieth

Mark Pieth (amezaliwa Basel, 1953) ni mwanasheria wa Uswisi. Kuanzia mwaka 1993 alikuwa profesa wa sheria ya jinai katika Chuo Kikuu cha Basel. Kuanzia 1990 hadi 2013 aliongoza kikundi kazi cha OECD cha kupambana na rushwa.

Mwaka 2011 alipewa uongozi wa kamati huru ya kupendekeza mageuzi katika FIFA. Mwaka uliofuata kamati ya maadili ya shirikisho hilo iligawanywa sehemu mbili, ya uchunguzi na ya hukumu, ili mpelelezi asiwe pia hakimu. Desemba 2015 kamati hiyo ilimfungia rais wa FIFA mwenyewe, Sepp Blatter. Pendekezo la ukomo wa vipindi vya urais lilikwama hadi 2016, baada ya viongozi kadhaa kukamatwa Zürich.