Wanne uwanjani, ngumi mgongoni

Mistari miwili ya pembeni mwa uwanja wa tenisi hukaa bila kazi mpaka waingie watu wanne. Wakicheza mmoja kwa mmoja, upana ni mita 8.23. Wakiingia wawili wawili, kila pembeni huongezwa mita 1.37, uwanja ukafika mita 10.97. Lakini eneo hilo sasa ni la watu wawili. Mbio ndefu zinapungua, kazi inahamia kwenye macho, viganja na makubaliano.

Makubaliano hayo utayaona ukikaa nyuma ya mpigaji wa servisi. Mwenzake amesimama wavuni, amempa mgongo, mkono mmoja ameuficha nyuma kiunoni. Akikunja ngumi, maana yake nabaki hapa hapa. Akifungua kiganja, nakatiza kwenda upande wa pili, wewe ukishapiga kimbia ukazibe nilipotoka. Mwenye mpira anaitikia kwa sauti ya chini, anaudundisha mara mbili tatu, anapiga. Wapo wasioamini vidole. Hao husogeleana na kunong'onezana huku wamefunika midomo kwa mpira, utadhani wanapanga posa.

Sisi wa Dodoma mchezo wa namna hiyo, kwa kiwango cha kulipwa, tunautazama kwenye simu. Mwaka 2024 ulisogea karibu: mashindano ya ATP Challenger yalifika Kigali kwa mara ya kwanza, yakachezwa wiki mbili mfululizo, Februari kuingia Machi, kwenye viwanja vya udongo vya Kicukiro. Yannick Noah alikuwepo. Kila anayemtaja Noah hutaja ubingwa wake wa Ufaransa wa mwaka 1983. Wachache huongeza kwamba mwaka uliofuata, mjini Paris hapo hapo, alitwaa taji la wanaume wawili wawili akiwa na Henri Leconte. Naye aliibuliwa Yaoundé mwaka 1971, mtoto bado, na Arthur Ashe. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Ashe alikuwa amezunguka Afrika Mashariki, Tanzania ikiwemo, akicheza mechi za maonyesho na Mmarekani mwenzake Stan Smith. Na mwaka huo huo wa 1971 Ashe naye alishinda wawili wawili pale Paris, akiwa na Marty Riessen. Habari za tenisi zinavyoandikwa, mambo haya ya wawili wawili hupewa sentensi moja mwishoni, kama nafasi imebaki.

Tuseme ukweli, hata fedha zinasema hivyo. Fungu la wawili wawili ni dogo kuliko la mmoja mmoja, na dogo hilo bado linagawanywa. Kwenye Challenger huingia jozi 16, kwa hiyo ubingwa ni mechi nne. Kanuni zimefupishwa ili ratiba isilale: gemu ikifika sare ya arobaini kwa arobaini, pointi moja tu inaamua, na wapokeaji ndio wanaochagua servisi ije upande gani. Wakigawana seti, ya tatu haichezwi. Inachezwa taibreka ya pointi kumi. Jozi nyingi ni za wiki moja. Mtu anamtumia mwenzake ujumbe, wanakubaliana, wanacheza, wakitolewa kila mmoja anashika njia yake.

Pamoja na udogo huo wa fungu, mlango huu ndio uliotupitisha. Paul Wekesa wa Kenya, aliyezaliwa mwaka 1967, alifika nafasi ya 100 duniani kwa mchezaji mmoja mmoja mwaka 1995, jambo kubwa kwa mtu wa ukanda wetu. Lakini mataji yake ya ngazi ya ATP ni matatu, na yote ni ya wawili wawili. Miaka mingi baadaye, Julai 2022, Angella Okutoyi akawa Mkenya wa kwanza kutwaa taji la vijana Wimbledon. Lilikuwa la wasichana wawili wawili, akiwa na Mholanzi Rose Marie Nijkamp. Walipoteza seti ya kwanza 3-6, wakachukua ya pili 6-4, wakamaliza taibreka ndefu 11-9.

Sioni kama ni bahati. Mchezaji wa mmoja mmoja hutengenezwa kwa miaka ya kusafiri na kupambana kila wiki na watu wa kiwango chake, na hizo ni nauli ambazo familia nyingi hazina. Jozi nzuri inaweza kuanzia kwenye uwanja mmoja wa klabu, saa moja ya kukodi ikachangiwa na watu wanne. Kwenye klabu zetu hivyo ndivyo wazee wanavyocheza jioni. Kasi imewaishia, lakini kijana mwenye mapafu mazuri akiingia kwenye wavu wao anaaibishwa.

Hata kwa timu ya taifa hesabu ni hiyo hiyo. Kwenye makundi ya chini ya Kombe la Davis, nchi mbili zikikutana huchezwa mechi tatu: mbili za mmoja mmoja na moja ya wawili wawili. Wakigawana zile mbili, ya jozi ndiyo inayoamua nchi ipi imeshinda. Ningekuwa mwenye kupanga mazoezi ya vijana wetu, nusu ya muda ningeutumia kwenye wawili wawili.

Na Dodoma ingepokea mashindano ya Challenger vizuri tu. Mji uko mita 1,120 hivi juu ya usawa wa bahari. Kanuni za kimataifa zina mipira maalumu ya nyanda za juu kuanzia mita 1,219, kwa hiyo Nairobi na Kigali inawahusu, sisi tumeponea chupuchupu. Mipira ya kawaida inatosha, ingawa itaruka zaidi kidogo kuliko Dar es Salaam. Mvua ni ya Desemba hadi Aprili, miezi mingine yote ni mikavu. Udongo wa vichuguu, ambao sehemu nyingi za Afrika umetumika kutengenezea viwanja vya tenisi, hapa Ugogo haununuliwi mbali. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inamfikisha mtu hapa kutoka Dar kwa saa zisizofika nne, hivyo aliyetolewa mapema hana haja ya kukesha gesti.

Kinachohitaji akili ni ratiba. Kiangazi, jua likishapinduka, upepo wa kusini-mashariki unabeba vumbi na kila kitu kilichopigwa juu, na jozi iliyozoea kujiokoa kwa lobu itaona mpira wake ukitua nje ya mstari au ukirudi kichwani mwa adui aliyeko wavuni. Kwenye mashindano mengi wawili wawili huwekwa mwisho wa siku. Hapa waanze wao, saa mbili na nusu asubuhi.